Kona ya Kushoto Kabla ya Daraja

Mwanangu Gitau,

Nakuandikia kabla ya chakula cha jioni, nikiwa nimefungua kitabu cha kemia juu ya karatasi hii ili mtu akipita mlangoni aone nasoma. Wewe umeenda kuwaaga vijana wa mtaa. Pikipiki iko nje karibu na tangi la maji, begi lako limeshafungwa nyuma kwa mpira, na kesho asubuhi utaondoka nayo kwenda kuanza kazi Namanga. Nataka uisome barua hii kabla hujaiwasha. Si ukifika. Kabla hujaiwasha.

Mtu mwingine akiiokota atashangaa anayeandika ni nani. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na wewe una miaka ishirini na minne na ni mdogo wake baba yangu. Lakini mimi ndiye niliyepewa jina la mama yenu, Wairimu, na kwetu anayepewa jina la mtu hupewa na nafasi yake. Ndiyo maana Baba huniita mama, na wewe pia, na mimi nimewaita wanangu tangu nilipojua kuongea. Familia nyingi hufanya hivyo kwa utani tu. Kwako haikuwa utani. Siku tuliyomzika Nyanya ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi saba, na watu walipoondoka ulikuja ukakaa karibu nami nyuma ya jiko, ukasema, "Sasa ni wewe umebaki." Nilikuwa nakula hindi la kuchoma. Nilikuvunjia nusu, kwa sababu sikujua mama hufanya nini kingine.

Sitakuambia mambo ya kula, wala ya maji ya kunywa, wala ya kuchagua marafiki. Mama, shemeji yako, amekuambia hayo yote tangu Jumatatu, na nadhani amekufungia blanketi mbili ingawa ulimwambia Namanga kuna joto. Mimi nina neno moja tu, na nimezunguka nalo miezi minane. Neno lenyewe ni hili: siku ile mlipoanguka na Baba, wewe hukukosea. Nilikosea mimi.

Sasa limeandikwa. Nitakueleza lilivyokuwa, na nitajaribu kutokujipamba.

Itabidi nianze na siku ulipoileta pikipiki nyumbani kutuonyesha kabla ya kuinunua. Unakumbuka walivyokucheka. Ilikuwa ndogo, nyekundu, imeinama mbele na kuinuka nyuma, usukani uko chini kiasi kwamba aliyeipanda analala juu ya tangi. Baba alitoka na chai mkononi akaizunguka mara mbili.

"Hii ni pikipiki ama ni panzi?"

"Ni ya michezo, kaka. Haili mafuta."

"Na mtu wa nyuma atakalia wapi?" Mama akauliza. "Hapo ni mahali pa kuweka mkate."

"Mkate pia ni abiria, shemeji."

Kisha ukanigeukia mimi. "Mama, unasema aje?" Wakacheka tena, lakini wakangoja, kwa sababu katika nyumba hii jambo kubwa halifanywi mpaka aliye na jina la Nyanya aseme. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimeshaona, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye usukani, kitabu cha maelezo cha pikipiki hiyo, kurasa zaidi ya mia, na michoro. Nikasema inunuliwe. Watu wote walidhani nimekupa baraka. Ukweli ni kwamba nilitaka kitabu.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni dogo ukililinganisha na mengine, lakini yote yametoka hapo. Nilikuruhusu kitu kwa sababu yangu, nikakiita sababu yako.

Wewe uliachia darasa la nane, na Kiingereza cha kitabu kile kilikuwa kigumu hata kwangu. Kwa hiyo tukawa tunaenda kwenye uwanja wa nyuma, kabla haujawekewa ua na wenye ploti, mimi nikikaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, nikisoma na kukutafsiria, na wewe ukifanya. Mimi mwenyewe nimeipanda mara moja tu, ikiwa kwenye stendi, na miguu yangu haikufika chini. Lakini kila ulichojua juu yake kilipita mdomoni mwangu. Nilikuwekea mikebe ya rangi uizunguke. Mkebe wa tatu uliugonga kila mara.

"Unaangalia mkebe," nilikuambia.

"Sasa nisipouangalia si nitaugonga?"

"Kitabu kinasema unaenda pale macho yako yanapoenda. Angalia pale unapotaka kutokea, si pale unapoogopa."

"Kitabu kinajua naogopa?"

"Kinajua kila mtu."

Uliinua kichwa, ukaangalia mbali kwenye mti wa mgunga ulioko karibu na uzio wa mifugo, na pikipiki ikaupita mkebe kana kwamba haukuwepo. Ulipiga kelele kama mtoto. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopokea matokeo ya darasa la nane.

Breki ya mbele ilikutisha kwa sababu vijana walikuwa wamekuambia itakurusha. Nilikusomea kwamba hiyo ndiyo inayosimamisha kweli, na ya nyuma ni msaidizi, ila haitaki kunyakuliwa. Nikakuambia uibane kama unavyokamua ng'ombe mwenye mateke: polepole kwanza, kisha kwa nguvu, bila kumshtua. Hilo halikuwa kwenye kitabu. Lilikuwa langu, na lilikusaidia. Nilikufundisha kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kisha kuachilia breki, kuilaza, na kuongeza mafuta kidogo kidogo mpaka itoke upande wa pili. Nilikufundisha kwamba malori ya simiti yakikupita kwenye barabara ya Namanga yatakuvuta na kukusukuma, na kwamba anayeng'ang'ania usukani ndiye anayeyumba. Ulishike tangi kwa magoti na mikono uilegeze, upepo upite. Ulijifunza haraka. Baada ya miezi michache ulikuwa unapeleka vipuri vya yule tajiri wa hapa Kitengela mpaka Isinya na kurudi, na watu walikuwa wanasema Gitau anaendesha kama mzee wa kanisa.

Lakini nataka ujue kilichokuwa kinatokea kwangu. Unajua shuleni siongei. Mwalimu akiniuliza swali ambalo najua jibu lake, ninaangalia dawati mpaka aite mwingine. Juu ya ule mtungi nilikuwa na mtu mmoja anayesikiliza kila neno langu na kulifuata kwa mwili wake wote. Nilianza kulipenda hilo kupita kiasi. Nilianza kufikiri pikipiki ni yangu na wewe ni mkono wangu tu. Ukienda kwa fundi Mutua pale sokoni bila kuniambia, nilinuna. Nilikuambia Mutua hajasoma. Ukaacha kwenda kwake, kwa heshima yangu. Kama ungeendelea kwenda, angeipitia cheni yako kila Jumamosi, na hii barua isingekuwepo.

Sasa siku yenyewe. Baba alitakiwa kufika Kajiado kwenye ofisi ya ardhi kabla ya saa nne, na usiku uliotangulia mkakubaliana umpeleke. Mimi niliamka kabla yenu nikatoka nje na ile oili ya gia iliyobaki kwenye mkebe. Nilitaka mkute cheni imeshapakwa. Kitabu kinasema hivi, na naweza kukuandikia bila kukifungua: cheni ipakwe jioni baada ya safari, ikiwa bado ina joto, kidogo tu, kwa upande wa ndani, gurudumu likizungushwa kwa mkono, iachwe usiku kucha, kisha ile iliyozidi ifutwe kwa kitambaa kikavu. Nilikuwa nimekusomea ukurasa huo labda mara kumi.

Nilipaka asubuhi, cheni ikiwa baridi. Nilimimina kutoka juu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi. Nilipaka nyingi kwa sababu nilitaka uone inang'aa. Sikufuta kwa sababu nilikuwa nachelewa na sikutaka kuchafua sare ya shule. Na oili ilidondokea tairi ya nyuma, upande wa kushoto, ule wa cheni. Hapa ndipo nataka unisikilize: niliiona. Haikunipita. Niliyaona matone yakiteremka kwenye mpira na nikajiambia yatakauka na vumbi. Nikachukua mkoba wangu nikaenda.

Umeuliza watu wengi, hata yule daktari, kwa nini pikipiki ilienda sawa kilomita zote zile halafu ikakuacha pale. Sababu ni rahisi na mimi niliijua tangu jioni ile ile. Kwenye barabara iliyonyooka tairi hukanyaga kwa katikati yake tu. Pembeni haiguswi. Barabara ile imenyooka karibu yote, kwa hiyo pembe ya kushoto ilikaa na oili yangu, na cheni ikipata moto ikazidi kuirushia nyingine, na wewe hukuwa na njia ya kujua. Ile kona ya kushoto kabla ya daraja ndiyo ya kwanza iliyokudai uilaze sawasawa, na mtu mzito akiwa nyuma yako. Ulipoilaza, ulikanyaga oili.

Yule mzee wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi zake pale alisema wazi. Baba mwenyewe alituhadithia hospitalini, kwa dharau. Mzee alisema, "Hii pikipiki haikuwa inakimbia. Imelala tu, kama ng'ombe amechoka." Baba akasema mzee yule anajua mbuzi. Nilikuwa nimesimama mwisho wa kitanda. Paja la Baba lilikuwa limevunjika mahali pawili na wewe ulikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko, na mtu pekee aliyesema kweli alikuwa amerudi kwa mbuzi zake.

Kesho yake pikipiki ililetwa nyumbani na pikapu. Wewe ulikuwa umelala. Niliinama nyuma yake nikaona vumbi limeshika kwenye pembe ya tairi, limekuwa jeusi kama ugali ulioungua. Nilichota maji, nikaleta sabuni ya unga na mafuta ya taa, nikaisugua kwa brashi ya viatu. Ukatoka ukichechemea.

"Mama, unafanya nini na hiyo takataka?"

"Naosha vumbi."

Ukasema, "Asante. Ni wewe peke yako hujaichukia."

 Kumwaga oili lilikuwa kosa la mtoto aliyejiona. Kuosha ile tairi lilikuwa kosa la mtu mzima. Nilijua ninachofanya na nilikifanya vizuri; mpaka kwenye mitaro ya mpira hakukubaki alama.

Halafu wazee wa ushirika wa kanisani wakaja kutuombea. Ulikaa kwenye kile kiti cha mbao karibu na mlango. Unayakumbuka maneno yao kuliko mimi, lakini nayaandika ili ujue niliyasikia yote.

"Kijana, sema ukweli. Ulikuwa unashindana na lori."

"Sikuwa nashindana na mtu."

"Basi ilikuwa nini?"

"Sijui. Nyuma iliniacha."

"Nyuma ilikuacha," akasema yule mwenye koti la kahawia. "Ilikuwa inaenda wapi?"

Watu walicheka, hata Mama, kwa ule uchovu wake. Baba hakucheka. Mguu wake ulikuwa juu ya stuli, umefungwa plasta mpaka kiunoni.

"Sema tu umekosa tuombe," mzee akasema. "Hatukuli."

"Nimekosa."

"Ni mwendo?"

Ukaniangalia. Si Baba, mimi. Nilikuwa na kitabu cha nyimbo mapajani, nikafungua ukurasa nikaufunga.

"Ni mwendo," ukasema.

Baadaye ulinikuta naosha vikombe. "Mama, angalau wewe unajua sikuwa nakimbia."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Najua tu."

Ukaridhika na hilo. Uliondoka hapo umenyooka mgongo, kwa sababu mama yako anakuamini. Nimelifikiria jibu lile kila siku. Kila neno ndani yake lilikuwa kweli, na bado sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Baba hakukufukuza. Aliacha tu kukuita kwa jina. "Mwambie huyo wa pikipiki chakula kiko tayari." Kazi yake ya kujenga imekwisha, hawezi kupanda jukwaa la mjengo na gongo la kutembelea, na kila asubuhi anakaa nje akiangalia nyumba za mawe zinazopandishwa na watu wengine pande zote. Ana haki ya kuwa na uchungu. Ila amekuelekezea wewe wote, na mimi nimemwacha. Kazi ya Namanga uliitafuta kwa sababu ya hiyo sauti. Usiniambie ni kwa sababu wakala yule wa mizigo ya mpakani anahitaji mtu wa kukimbiza karatasi kati ya ofisi na malori. Watu wa kukimbiza karatasi wako Namanga kwenyewe.

Ningeweza bado kunyamaza. Najijua. Ningekupungia mkono kesho na kurudi kwenye kemia. Kilichonitoa kwenye ukimya ni kitu nilichokiona Ijumaa, nikitoka shule, pale unapokata kushoto kutoka barabara kuu kuja kwetu. Hukuniona. Uliingia ile kona ukiwa umekaa wima kama mti, mikono imekakamaa, macho yako yako kwenye ukingo wa lami, na katikati ya kona ukashika breki ya mbele. Pikipiki ikajiinua na kukupeleka upande wa pili, na pikapu iliyokuwa inakuja ikakupigia honi. Kona za kulia unazipita kama zamani. Za kushoto unazipita kama mtu asiyejua kuendesha.

Nikaelewa nilichofanya. Umeamini kwamba mikono yako ndiyo iliyomvunja Baba, na kwa hiyo huiamini tena. Kila kitu nilichokufundisha umekiweka kando kwa sababu siku moja ulikifuata sawasawa na kikakuangusha. Na kesho barabara ni ile ile, kona ni ile ile, na baada ya hapo Bissil, na malori, na mwezi baada ya mwezi. Nikinyamaza tena utakufa, Gitau, na utakufa kwa kuogopa kosa ambalo hukulifanya.

Nilimwambia Baba kwanza, jana, kwa sababu nilifikiri ndivyo inavyopaswa. Alikuwa nje. Nilianza mara tatu nikaacha.

"Baba, ile oili ilikuwa yangu."

"Oili gani?"

Nikamweleza yote, mpaka ile sabuni. Alilitoa gongo upande huu akaliweka upande ule.

"Umeambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa. Wewe uko na mtihani mwaka ujao. Watu wa ushirika wakishika hii maneno hawataiacha. Yeye ni mwanaume, na anaenda. Ataibeba."

"Lakini si yake."

"Mama," akasema, kwa upole kabisa, "nimesema ataibeba."

Nilingoja anikasirikie. Nilitaka anikasirikie. Wewe alikukasirikia miezi minane bila kuchoka, na mimi, nilipomletea ukweli mkononi, hakunipa hata dakika moja ya hasira. Aliniuliza kama nimekula. Hapo nikaona vizuri kuliko siku zote: mimi ni mama yenu nyote wawili, na muda huu wote nimekuwa mama wa mmoja tu. Na yeye, ambaye angekuwa baba yako kwa kuwa hamna mwingine, ameamua mtoto wake ni nani.

Sikuambii haya ili umchukie. Unaweza kumchukia ukitaka. Hilo si langu kukataza. Nakuambia ili usije ukasikia siku moja kwamba alijua, ukadhani na mimi nilikubali.

Sasa ya pikipiki, halafu nimalize, maana Mama ameanza kuita watu mezani.

Leo asubuhi ulipokuwa umeenda kunyoa niliikagua. Upepo wa tairi niliupima zikiwa baridi. Cheni inapanda na kushuka vidole viwili katikati. Ukiipima huko, zungusha gurudumu upime mahali pengine pia, kwa sababu haichakai sawa, na usiikaze ikawa ngumu, utakapoipanda itakatika. Ipake jioni, kidogo, na ufute. Filta ya hewa ikung'ute kila wiki, vumbi la huko ni baya kuliko la hapa. Baada ya kumaliza nilimwita fundi Mutua. Nilimwambia, "Nimeshaipitia. Naomba uipitie tena nyuma yangu, kila mahali nilipogusa." Akaniangalia kidogo kisha akafanya, na akapata nati moja ya gurudumu la nyuma niliyokuwa nimeisahau. Kwa hiyo jifunze hilo kwangu, ingawa ni chungu: mtu anayekupenda akikutengenezea pikipiki, ikague. Mkague hasa yule unayemwita mama.

Ukifika kwenye kona ile kesho, maliza breki zako mapema, ukiwa wima. Zote mbili, mbele kwa nguvu zaidi. Ziachilie. Inua kichwa uangalie daraja lenyewe, si ukingo. Legeza mikono. Ilaze. Itakaa. Ongeza mafuta polepole mpaka inyooke. Ulikuwa unafanya hivyo hivyo siku ile, kila hatua, hakuna hata moja uliyoisahau. Ungefanya vile vile mara mia na mara mia ungepita, ila siku ambayo mimi nilikuwa nimepita kabla yako.

Jumapili wazee watakuja tena kwetu. Nitasimama nami niseme. Sijui kama sauti itatoka. Isipotoka nitawasomea, nimeshaandika ukurasa mmoja kwa ajili hiyo. Baba atanikasirikia wakati huo, na itakuwa sawa. Sitaki uwepo, kwa sababu ungesimama kunitetea. Nakujua. Ndiyo maana pia sikukuambia uso kwa uso: ungesema si kitu, mama, na mimi ningekubali, na ningekuwa nimekunyang'anya hata hasira yako. Kaa nayo. Usinisamehe kwa haraka, na usinijibu kwa upole usiokuwa nao. Ukitaka kuniita Wairimu kuanzia kesho, niite. Nitaitika.

Kesho ukimaliza kusoma usiingie jikoni kunitafuta. Iwashe, iache ipate moto, kisha uende. Baba amesema utaibeba kwa sababu wewe ni mwanaume. Mimi nasema ni yangu, na nimeichukua. Usiibebe hata mpaka Isinya.

Wairimu